Robo ya Tundu

Nyumbani kwetu vipimo ni vya kukadiria. Chumvi hutiwa kwa vidole, nyanya hununuliwa kwa fungu, na mgeni akipiga simu kusema "nipo hapo Magomeni, nafika sasa hivi", tunajua bado hajaoga. Katika nyumba hiyo hiyo ndimo nilimoanza kupima matundu ya stempu za zamani, kazi ambayo robo ya tundu inaweza kutenganisha mali na makaratasi.

Stempu zenyewe aliniachia marehemu baba mkubwa, ndani ya kopo la biskuti. Ni za Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye picha ya Mfalme George wa Sita, zilizotolewa kati ya 1938 na 1954. Kuna jahazi kwenye Ziwa Victoria, kuna Mlima Kilimanjaro, kuna simba, na mfalme yupo pembeni anawatazama wote. Kwa macho ya kawaida, jahazi la senti 50 ni jahazi la senti 50. Wenye fani watakuuliza: lina matundu mangapi?

Zamani swali hilo halikuwapo. Stempu ya kwanza ya Uingereza, ile nyeusi ya peni moja ya 1840, haikuwa na tundu hata moja. Ilikatwa kwa mkasi. Kisha Henry Archer, mtu wa Ireland, akabuni mashine ya kutoboa. Serikali ikanunua haki ya ubunifu wake mwaka 1853 kwa pauni 4,000, na mwaka uliofuata stempu zenye matundu zikaingia posta. Mkasi ukapumzika, taabu yangu ikaanza. Mwaka 1866 daktari mmoja wa Paris, Legrand, akaweka utaratibu: hesabu matundu yanayoingia kwenye sentimita 2. Yakiwa 14, stempu ni ya 14. Juu na ubavuni yakitofautiana, unaanza na ya juu: 13 × 12½. Vita navyo havikusaidia. Desemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliteketeza kiwanda cha De La Rue jijini London, waliokuwa wakichapa stempu zetu. Mashine za kutoboa zikabadilika. Basi toleo hilo la mfalme mmoja lina 13¼, lina 14, lina 13 × 12½, na bei hazilingani.

Stempu haishikwi kwa vidole, kwa sababu ya jasho; inashikwa kwa kibano. Kibano cha nyumba yetu kina mwenyewe, na kazi yake ni nyusi. Mke wangu alinikubalia kwa masharti: nisikitumie Alhamisi wala Ijumaa, na harusi ikitokea mkataba unavunjika. Feni nayo ina msimamo wake. Ukiizima, jasho linadondokea mfalme. Ukiiwasha, Mlima Kilimanjaro unahamia chini ya kabati.

Kipimo cha matundu nilikipata kwenye intaneti, nikakipeleka stesheneri ya mtaani kichapwe. Kijana wa pale ana roho nzuri. Aliona ukingo utakatwa, akakipunguza kidogo ili kienee kwenye karatasi, wala hakuniambia, kwa kuwa wema hautangazwi. Alipunguza asilimia tano tu. Lakini kipimo kikisinyaa asilimia tano, mstari ulioandikwa 14 unabana hadi karibu 14¾, na stempu ya 14 halisi inatua sawasawa kwenye 13¼. Jioni ile kila nilichopima kilikuwa 13¼. Mke wangu alichungulia orodha ya bei, akaniletea chai bila kuombwa.

Habari za mali hazihitaji stempu ili zifike. Kesho yake shangazi alipiga simu kutoka Tanga. Alinipa pole ya msiba wa baba mkubwa, ambao tulikwisha kuufanyia hadi hitima miaka mingi iliyopita, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hivi lile kopo la biskuti liligawanywaje?" Binamu ambaye hajawahi kuandika barua maishani mwake akagundua kuwa stempu amezipenda tangu utotoni.

Aliyetuliza ukoo ni mzee mmoja mkusanyaji, aliyekuja na kipimo chake cha chuma mfukoni. Hakuzigusa stempu. Aliweka rula juu ya karatasi yangu, akavua miwani, akaivaa tena. "Sentimita zako mbili, mwanangu, zimepungukiwa milimita moja." Akanywa chai yake yote, ndipo akaongeza kwamba stempu nilizompangia mezani kama 13¼ zote ni 14.

Nilirudi stesheneri na rula. Kijana aliitazama, akanitazama. "Mzee, milimita moja tu ndiyo imekutoa nyumbani na jua hili?" Nikamwomba achape tena, safari hii kwa ukubwa wake kamili, bila huruma. Akachapa. Sasa kipimo ni sahihi kabisa, isipokuwa ukingo umekatwa, na mistari yote kuanzia 14 imebaki ndani ya printa.

Nilimpigia shangazi kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mstari wa juu kabisa uliosalia ni upi. Nikamwambia 13¾.

"Basi," alisema, "hizo 14 hazipo. Gawa."