Usiniguse, Hazijakauka

Katika nyumba ya kawaida ya Uswahilini, hakuna mtu anayehitajika kama mwanamke aliyemaliza kupaka rangi kucha sasa hivi. Saa nzima alikaa sebuleni hana kazi, na hakuna aliyemwita. Akifunga kichupa tu na kutandaza vidole hewani, maharage yanashika chini, mtoto anataka kufungwa zipu, mpangaji wa chumba cha uani anabisha hodi akiulizia ufunguo wa choo, na simu iliyokuwa kimya tangu asubuhi inaanza kuita. Yeye mwenyewe, ambaye hakuwa na haja ya kwenda popote, anakumbuka kwamba amebanwa.

Wengi hulaumu mikono yao. Husema kuna waliojaliwa kuchora, na wao hawamo. Lakini kazi nyingi za kucha zinazofanywa nyumbani huharibika brashi ikiwa imeshawekwa chini, kwa sababu rangi inadai saa nzima ya uvivu, na uvivu wa saa nzima ni kitu ambacho mama mwenye nyumba hapewi hata akiumwa malaria.

Rangi ya kawaida hukauka kwa kupungukiwa. Ndani ya kichupa mna nitroselulosi, ambayo ndiyo hubaki juu ya kucha ikawa utando mgumu wenye kung'aa. Imeyeyushwa katika vimiminika vyepesi, kama ethili asetati na butili asetati, vile vinavyotoa harufu inayomfanya baba afungue dirisha bila kuulizwa. Vimiminika vikiruka hewani, utando unabaki. Juu huonekana pamekauka baada ya dakika 10 au 15, ila chini kuna vimiminika ambavyo bado vinatafuta njia ya kutokea, na vitaitafuta kwa saa kadhaa. Ukipaka koti nene ndiyo umeviziba kabisa. Mtu hulala kucha zinameremeta, akaamka zimepigwa chapa ya shuka, hadi mshono unaonekana.

Maarifa hayo yalianzia kwenye magari. Miaka ya 1920 viwanda vya Marekani viliipenda rangi ya nitroselulosi kwa sababu ilikauka upesi kuliko rangi za zamani, na rangi ya kucha ya kisasa ikapita njia hiyo hiyo. Kampuni ya Revlon, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilianza kwa kuuza rangi ya kucha peke yake. Fundi rangi wa gereji anayajua masharti: anapuliza koti jembamba, anasubiri, anapuliza jingine. Na akiwa katikati ya mlango wa Corolla, hakuna anayemwita aje kukanda unga wa chapati.

Dada mmoja wa Tabata, ambaye jina lake tunawaachia wifi zake, aliianza kazi yake Ijumaa jioni. Kesho yake kulikuwa na sendofu ya binti wa shangazi yake, na sare ilikuwa kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Alitaka maua yale yale kwenye kucha. Alikuwa na rangi tatu, pini ya nywele, kijiti cha meno na kizibo cha soda cha kumiminia rangi, na hivyo vinatosha kabisa. Kichwa cha pini kikichovywa hutoa nukta ya duara. Nukta tano zikipangwa mviringo, kisha kila moja ikavutwa kwa ncha ya kijiti kuelekea katikati kabla haijashika, petali zinajitokeza. Nukta ya rangi nyingine katikati inaficha mahali mikia yote ilipokutana. Ukiendelea kudonoa bila kuchovya upya, kila nukta inakuwa ndogo kuliko iliyotangulia, na hapo ndipo machipukizi ya pembeni hupatikana bila taabu.

Mkono wa kushoto ulipendeza mno, akaupiga picha na kuituma kwenye kundi la sare. Pongezi zikamiminika. Lilikuwa jambo la hatari, kwa sababu sasa watu ishirini na kitu walikuwa wanaungoja wa kulia.

Wanaoifanya kazi hii kila siku wana ujanja wao. Aliyezoea kutumia mkono wa kulia huanza kwa kuupaka huo huo wa kulia, wakati subira bado ipo. Kiwiko na kisigino cha kiganja hukaa juu ya meza, brashi hutulia mahali pamoja, na kinachozunguka ni kidole kinachopakwa. Dada wa Tabata alifanya kinyume cha yote hayo. Kiwiko kilielea, ulimi ulitoka nje upande, na ua la kwanza likapata petali tatu, moja ikiwa kwenye kucha na mbili kwenye nyama. Alipofika kidole cha shahada umeme ukaisha. Namba ya LUKU ya kuurudisha ina tarakimu 20, na vitufe vya mita vimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye kucha kavu. Alizibonyeza kwa mpini wa mwiko huku mdogo wake akimmulikia kwa simu na kumsomea namba, na walipofika ya kumi na tisa wakabishana kama ile ni sita au nane.

Taa zilipowaka, mdogo mtu akashauri waachane na maua, wafanye kucha za maji. Mbinu hiyo ni ya kweli na inavutia. Rangi hudondoshwa kwenye maji, ikatanda juu kwa utando mwembamba. Tone la pili huangukia katikati ya la kwanza, la tatu katikati ya la pili, mpaka panatokea duara ndani ya duara. Kijiti kinavuta mistari, kucha inazamishwa ikiwa imelala, mabaki ya juu yanazolewa kwanza kwa kijiti, ndipo kidole kinatoka na mawimbi yake. Maji lazima yawe ya kawaida. Haya yalitoka kwenye friji, kwa kuwa mdogo mtu alidhani baridi itaikausha rangi haraka. Tone lilijikunja likakataa kutanda, jingine likazama hadi chini. Walipobadilisha maji, rangi ilitanda vizuri sana, ikashika kucha, ngozi, kiungo cha pili cha kidole na ukingo wa bilauri. Mafuta ya mgando kuzunguka kucha yangeokoa ngozi. Bilauri ilikuwa ya seti ya wageni, ile inayokaa kabatini ikingoja mchungaji.

Hapo ndipo asetoni iliposhuka uwanjani. Kimiminika hiki huchemka kwenye nyuzi 56 za Sentigredi tu, kwa hiyo huruka upesi, hushika moto kirahisi, na hakifai kabisa kukaa karibu na jiko la mkaa. Huyeyusha rangi ya kucha, na hakiishii hapo. Huyeyusha vanishi ya meza, vikombe vya povu, na kucha nyingi za bandia zenyewe. Dada aliiweka pamba iliyolowa pembeni kidogo, dakika moja tu, afute kidole cha mwisho. Meza ya kahawa ya shemeji yake sasa ina doa jeupe lenye umbo la Ziwa Viktoria, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni wakikaribia kukisogeza wanaletewa chai haraka.

Nyumba ya pili kutoka hapo, jirani aliyekuwa akijiandaa kwa shughuli hiyo hiyo alikuwa amechagua njia ya mkato: kucha za kubandika na supa gluu ya kubandikia viatu. Gundi hiyo ina historia yake. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakaitupilia mbali kwa sababu ilinata kila ilipogusa. Miaka 16 baadaye, kasoro hiyo hiyo ikaingizwa sokoni ikawa ndiyo sifa. Huganda kwa unyevu kidogo tu, hata ule wa ngozi. Jirani alimwagikiwa kidoleni akakimbilia pamba ajifute, na pamba ndiyo isiyotakiwa kabisa, maana gundi hiyo ikikutana na nyuzi za pamba huganda kwa kasi na kutoa joto la kutosha kuunguza. Moshi ulitoka. Kelele zilitoka pia, na kwa kuwa kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshikana, mume wake aliyekuja mbio alidhani anaonyeshwa alama ya kwamba mambo ni safi. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na subira, ndivyo vilivyovitenganisha.

Mwalimu mmoja wa mtaa huo huo alinunua kichupa cha jeli akidhani ni rangi ya kawaida, kwani kwa macho havitofautiani. Jeli haikaushwi na hewa hata ukikaa nayo hadi Idi. Inahitaji taa ya mionzi ya urujuanimno ili viungo vyake vishikane. Alipuliza tangu magharibi, akalala mikono ikiwa juu ya mto, akaamka bado mbichi. Njiani akakaa dirishani kwenye daladala, na kwa kuwa jua nalo lina mionzi hiyo, likamgandishia mkono mmoja pamoja na nyuzi za blanketi zilizokuwa zimenasa. Wanafunzi wakahesabu rangi tatu za manyoya. Jeli iliyoiva nusu ina ubaya mwingine usiochekesha: akrilati zilizobaki hazijaungana zikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio, vidole vikawasha na kutoka malengelenge, na mzio huo ukishaingia huwa hautoki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulikata shauri mwaka 2020 kwamba akrilati moja inayotumika sana kwenye jeli, iitwayo HEMA, ibaki mikononi mwa mafundi waliosomea.

Aliyebandua jeli au kucha za bandia kwa hasira, zikaondoka na tabaka la juu la kucha yake, atakaa na kumbukumbu hiyo. Kucha ya kidole cha mkono huongezeka kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na kujibadilisha yote huchukua karibu nusu mwaka. Daktari wa Marekani William Bean aliipima yake kwa miaka 35: kila tarehe mosi alijikwaruza mstari kwenye kucha ya gumba la kushoto na kufuata ulivyosogea. Akiwa na miaka 32 ilikua milimita 0.123 kwa siku, na alipofikisha 67 ilikuwa imeshuka hadi 0.095. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Ig Nobel ya fasihi, akiwa ameshafariki miaka mingi. Miaka 35 akiangalia kidole gumba, na hakuna aliyemtuma dukani.

Watu wa pwani waliushughulikia zamani mkasa huu wa kungoja kucha zishike. Hina inataka muda mrefu kuliko rangi yoyote ya dukani: tope lake hukaa saa nyingi ili lawsoni iliyomo ishikane na keratini ya kucha. Ikishika haibanduki, hungoja kucha ikue, na kwa Waislamu haizuii maji ya udhu. Lakini angalia mpangilio wake. Bibi harusi wa Unguja, Lamu au Mombasa akipakwa hina, amezungukwa na wanawake wa kumlisha, kumnywesha na kumkuna pua. Hodi zote zinaitikiwa na wengine. Nyumba nzima imekubaliana kwamba leo mikono yake haipo.

Dada wa Tabata hakuwa bibi harusi. Jumamosi asubuhi alifuta vyote, akatoka barazani kumngoja mmoja wa wale vijana wanaozunguka mitaa ya Dar es Salaam na vikapu vya rangi za kucha. Kijana alipaka bluu tupu, akatia nukta moja ya njano kila kucha, kulia sawasawa na kushoto, na chai ya jirani ilikuwa haijachemka. "Dada yangu, sasa usishike kitu chochote," akamwonya, huku akifunika vichupa vyake. Kisha akatoa simu. "Chenji sina, nitumie tu kwa namba hii."

Mtoto wake wa miaka minane aliitwa kutoka uani aje kubonyeza. Mama akamnong'oneza namba ya siri sikioni, tarakimu moja moja, na mtoto akazirudia kwa sauti ya kusomea darasani ili asikosee. Wapangaji wote wa uani walisikia. Kwenye sendofu alifika akiwa amechelewa, kucha zake safi, baada ya kupitia kwa wakala kubadilisha namba.