Kigari cha Shangazi

Mtu akitafuta pikipiki ya kusafiria porini na mwenziwe, wajuzi humwambia atazame injini, tairi, uzito na ukubwa wa tangi. Kisiwani Pate tunaanza kwa kumtazama abiria. Injini ya cc 150 inamfikisha yeyote kutoka Mtangawanda hadi Kizingitini, mchanga na mawe ya matumbawe yakiwa njiani, na vijana wa bodaboda wanalithibitisha hilo kila siku wakiwa na abiria nyuma na gunia mbele. Lakini abiria wangu ni Shangazi, na Shangazi hapandi kitu kisicho na mgongo.

Zamani alikuwa akipanda. Akikaa upande, kama wakaavyo wanawake wetu wa buibui, miguu yote miwili kushoto. Kulia hakukaliki, ndiko lilipo bomba la moshi, na wako mabinti Faza wenye alama ya bomba hilo kwenye muundi hadi leo. Taabu ni kwamba aliyeunda pikipiki hizi aliweka moto kulia na cheni kushoto, basi mwanamke hana budi kuchagua kati ya kuungua na kutafunwa. Shangazi akatafunwa. Siku moja, yeye na kijana wa bodaboda hawajafika Siyu, pindo la buibui likaingia kwenye cheni, maana kifuniko chake kiling'olewa zamani kwa kosa la kupiga kelele. Pikipiki ikasimama yenyewe. Shangazi akawa amefungwa kwenye gurudumu la nyuma, kushuka hawezi, kukaa hawezi. Kijana akalizungusha gurudumu nyuma, cheni ikala tena. Akalizungusha mbele, ikala zaidi. Mwisho akapita mtu aendaye kuangua madafu, na kisu chake kikamaliza shauri. Shangazi aliingia Siyu na buibui la magotini na leso ya kuazima kiunoni. Hakukililia kitambaa. Kilichomuuma ni kwamba wa kwanza kumpokea pale mjini alikuwa aliyewahi kuwa mke mwenzake.

Jamaa wakakaa kikao. Ami alipendekeza punda. Shangazi anawaheshimu punda, amelelewa nao, ila tangu 1987, watu wa shirika la Donkey Sanctuary walipokuja Lamu na kuwafungulia punda zahanati ya bure pale ufukweni, anasema mnyama mwenye daktari wake mwenyewe huwa na kiburi. Mtu mwingine akataja tuktuk. Tuktuk ina vitairi vidogo na tumbo liko chini. Kwenye mchanga wetu ingekuwa kibanda cha kudumu. Hapo binamu yangu wa Mombasa akatoa simu na kutuonyesha picha: pikipiki yenye kigari ubavuni, ndani yake amekaa bibi wa Kizungu na miwani ya jua, mgongo umeegemea, miguu imenyooka.

"Hiyo," Shangazi akasema. Kikao kikafungwa, nami nikapewa kazi ya kuitafuta.

Iliyokuwa pichani ni Ural ya Urusi. Ukoo wake unaanzia BMW R71 ya Ujerumani, ambayo Warusi waliinakili kwa ajili ya jeshi. Mwaka 1941, Wajerumani walipoukaribia Moscow, kiwanda kikahamishiwa Irbit, mbali mashariki. Tangu 2022 zinaunganishwa Petropavl, Kazakhstan. Injini yake ni ya cc 749, ina gia ya kurudi nyuma, na kwa baadhi yazo injini inasukuma hata gurudumu la kigari, kwa hivyo kwenye matope yanahangaika magurudumu mawili badala ya moja. Kwa sifa hizo hakuna mchanga wa Pate ambao ungeishinda. Ingeshindwa kufika tu. Ina zaidi ya kilo 330 kabla Shangazi hajaingia, bei yake Marekani inapita dola 20,000, na pale gatini vitu hushushwa kwa mabega ya watu. Halafu kigari chake kiko kulia, kama ipasavyo kwa nchi za kushika kulia. Kenya tunashika kushoto. Abiria angekaa katikati ya barabara, akipeana mikono na matatu.

Nikamweleza Shangazi kwamba si lazima liwe dude kubwa. Mwaka 1934 wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther ya cc 600, kigari ubavuni na tela nyuma, wakavuka Sahara, na mwaka uliofuata wakaingia Cape Town. Shangazi alisikiliza kwa makini hasa, kisha akauliza, "Na nani alikuwa akikaa kwenye kigari?" Nikasema nadhani walipokezana. "Basi hao hawakuwa na shangazi," akasema. Nikamtajia na Malawi, ambako pikipiki zenye kigari cha machela zimebeba wajawazito kutoka vijijini kwenda hospitali. Hilo sikulimaliza. Alitaka kujua kama ninamwona yeye ni wa kulazwa.

Tukaamua kuchomelea chetu. Pikipiki ikapatikana, Boxer iliyotumika, na fundi tukampata bara, upande wa Mokowe. Sitamtaja. Ni mtu mzuri, na milango yake ya geti haijawahi kulalamikiwa. Fremu akaiunda kwa mabomba ya vitanda, kiti akakitoa kwenye matatu iliyokufa, na gurudumu la tatu likatoka kwenye pikipiki nyingine ambayo sikuuliza habari zake.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pikipiki ya magurudumu mawili huinama kwenye kona. Ukiifungia kigari haiinami tena, inaburutwa. Kigari kikiwa kushoto, ukiongeza mafuta chombo chote kinavuta kushoto, ukishika breki kinajitupa kulia. Ili kiende sawa, gurudumu la kigari litangulie kidogo mbele ya gurudumu la nyuma la pikipiki, lielekee ndani kidogo, na pikipiki yenyewe isimamishwe ikiegemea nje kidogo. Vipimo hivyo vyote hupangwa uzito wa abiria ukiwa ndani, la sivyo siku anapopanda kila kitu kinahama.

"Abiria ana kilo ngapi?" fundi akauliza.

Swali hilo lilizunguka nchi kavu na visiwa. Binamu alinirudishia mimi, mimi nikampelekea binti wa Shangazi, binti akasema yeye ni mtoto wa kuzaa na hawezi, aulize mtoto wa ndugu. Ami alishauri twende zahanati tukaombe kadi, mtu akamkumbusha kuwa kadi ile anaitunza Shangazi mwenyewe, pamoja na hati za shamba. Mwisho fundi akachukua saruji: mfuko wa kilo 50 akauketisha, akaongeza nusu ya mfuko wa pili, akarudi nyuma kutazama, akaongeza tena. Wanagenzi wake, vijana wasio na kazi ya kutosha, wakaivika saruji ile leso na kuifunga ushungi vizuri.

Siku hiyohiyo basi la Mombasa likamshusha Shangazi Mokowe. Alikuwa amekwenda harusini, na hakuna aliyetuambia kuwa harusi imekwisha mapema. Alikuja moja kwa moja karakana, akasimama mbele ya kigari, akaitazama saruji kuanzia ushungi hadi chini.

"Na huyu ni nani?"

Nyundo zote zilinyamaza. Fundi, ambaye ni mtu wa bara na hakulelewa na mashangazi wa Pate, akajibu kwa ukweli wa kifundi kwamba huyo ni yeye. Shangazi akamzunguka mwenzake huyo wa saruji taratibu. "Mnene," akasema. Akaamuru atolewe, akapanda mwenyewe, akaegemea, akakunja mikono. "Pima sasa." Fundi akalegeza bolti na kupanga upya bila kuinua macho, na nawahakikishia kuwa chombo kile hakikupata kunyooka namna ile tena.

Mashua ndiyo iliyofuata. Nahodha alikitazama kigari akauliza akilipishe kama pikipiki au kama kitanda. Shangazi akamwambia akilipishe kama kiti, na kwa kuwa yeye amekaa ndani yake na nauli yake ameshatoa, basi kimeshalipiwa. Nahodha alifungua mdomo, akaufunga. Watu sita wakakinyanyua na Shangazi akiwa ndani, mwamvuli juu, akitoa maelekezo. Tukafika Mkanda maji yamepwa, maana ubishi wa nauli ulikula wakati, na mlango ule kati ya Manda na bara hausubiri mtu: ukiyakosa maji, unakaa kwenye tope hadi yarudi. Tukakaa. Abiria wengine walikaa juu ya magunia na mbao, migongo inawauma. Shangazi alilala usingizi mzuri kitini mwake. Alipoamka alisema chombo hiki amekipenda.

Barabara ya kisiwani ilikuwa na maoni mengine. Bodaboda zimechora mfereji mmoja mchangani, upana wa tairi moja, na humo ndimo wote wanamopita, punda na watu pia. Pikipiki yetu ilitaka njia mbili. Nikiiweka tairi mferejini, gurudumu la kigari linapanda kando kwenye vichaka na mawe, Shangazi anakuwa juu kunishinda, akinitazama kichwani. Nikitaka kigari ndicho kiingie mferejini, mimi ndiye ninayepita kwenye miiba. Tulijaribu njia za gari karibu na Siyu, zile zenye mifereji miwili, lakini gari ni pana kuliko sisi. Gurudumu moja likiwa ndani, la pili linapanda nundu ya katikati. Matawi yalikuwa yakimpiga Shangazi usoni, naye akafungua mwamvuli kujikinga, na kusi ilikuwa imeanza kuvuma. Mwenye kujua bahari atafahamu nini kilitokea kwa usukani.

Kilichotumaliza hasa ni salamu. Mtu wa bodaboda hupita akapunga mkono, akasamehewa. Shangazi kwenye kigari amekaa barazani, na aliyekaa barazani hawezi kupita watu kimya. Kila tuliyekutana naye aliulizwa hali yake, ya mama yake, ya mguu wa baba yake, na ya yule mbuzi. Nilikuwa nikizima injini ili wasikizane, kisha napiga kiki upya. Nilipokataa kusimama, Shangazi alisalimu tukiwa tunakwenda. Kwenye kona moja ya kushoto alimwona rafiki yake upande wa kulia, akajitupa kuelekea kwangu kumpa mkono kwa juu ya tangi, uzito wote ukahama, na gurudumu la kigari likanyanyuka hewani. Tukaendelea hivyo hatua kadhaa, Shangazi akiwa ameshika mkono wa rafiki yake na rafiki yake akikimbia. Tukasimama kwenye kichuguu. Rafiki yake alifurahi sana kwa kutembelewa.

Tulifika Faza jioni, puncha ikiwa ya gurudumu la tatu, lile lisilo na mwenzake wala tairi la akiba.

Hukumu yangu, kwa aliye na mtu mzima wa kubeba na kisiwa cha mchanga mbele yake, ni hii. Usitafute injini kubwa. Tafuta wepesi, kwa sababu kuna gati na kuna maji kupwa kabla ya kuwepo barabara. Cc 150 inatosha ukibadilisha gia ya nyuma uweke yenye meno mengi zaidi, iwe na nguvu mwendo mdogo. Kigari kiwe kushoto na chembamba, gurudumu lake liwe sawa na yale mawili mengine ili akiba moja ihudumie yote. Ukisafiri bila abiria weka gunia la mchanga ndani, kigari kitupu kinaruka. Na umpime abiria akiwa yeye mwenyewe.

Ila kwa wengi wetu hata hayo hayahitajiki. Ninyi vijana wa bodaboda wa Pate na Lamu, rudisheni vifuniko vya cheni. India, zinakotoka hizi Boxer, sheria inataka pikipiki iwe na kinga kwenye gurudumu la nyuma ili nguo ya aliyekaa nyuma isinaswe, na huko wanavaa sari, kitambaa kirefu kuliko buibui. Ni kipande cha bati na bolti chache. Fundi yeyote wa kuchomelea atakifunga maji hayajajaa.