Watabiri wa Kijiti

PlayStation 6, mashine ijayo ya michezo ya video, kama itaitwa hivyo, tayari ina watabiri wengi kuliko masika, na mjadala wao mkali zaidi unahusu kidhibiti, yaani kifaa cha vitufe kishikwacho mikononi: je, vijiti vyake vitatumia sumaku, ili visichakae na kumpeleka mchezaji asikotaka, kama vinavyolalamikiwa vya toleo la 2020? Swali zito, bila shaka. Katika sekta ya Cyanzarwe, wilayani Rubavu nchini Rwanda, inayopakana na Kongo, utabiri ungeweza kuanzia kwingine, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka, huko Masisi, huchimbwa kwa sururu na koleo koltani, madini yanayotoa tantalamu ya kutengenezea kapasita, yaani vijisehemu vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya mashine za aina hii. Mwaka 2000, PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya koltani, ikisukumwa pia na simu za mkononi, ilipaa, na watu wakamiminika machimboni huku vita vikiendelea huko Kongo. Wachambuzi wa michezo, kwa adabu yao, walijadili ubora wa picha. Watabiri wa leo na watabiri basi hata shimo itakakotoka koltani ya mashine hiyo mpya.