Mgeni Njoo, Mwenyeji Apate Nyota

Ukiiamini Airbnb, tovuti ya kukodishia wageni nyumba, duniani hakuna nyumba mbovu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta karibu asilimia 95 ya nyumba zake zina wastani wa nyota 4.5 au 5. Bafuni maji yanatoka kwa kubembelezwa, mgeni anaandika: “Mwenyeji mkarimu sana.” Utasema woga wa mgeni na mwenyeji kulipiziana kwa maoni mabaya ulikomeshwa mwaka 2014, maoni yalipoanza kufichwa hadi wote wawili waandike au siku 14 zipite. Sawa, lakini mgeni naye hupewa alama, na mwenyeji wa kesho huzisoma kabla ya kumkubalia. Nani amtakaye mlalamishi? Basi soma yaliyonyamaziwa: sifa zikiishia kwa majirani na ukaribu wa soko, godoro lina kesi.