Heko kwa Kilo Iliyogoma

Kila kitu kwenye jimu kina mpambe wake. Poda ya protini ina matangazo, kioo kina wapenzi, hata mkanda wa kiunoni una wa kuutetea. Kisicho na mtetezi ni ule mkwamo unaompata mtu anayechuchumaa na chuma mabegani: leo kilo 100 zinapanda mara 5, wiki ijayo 102.5 zinagoma, na mwezi unakatika zikiwa zimegoma vilevile. Wenyewe huuita mkosi. Mimi nasema ni mfadhili, maana humo ndani hakuna mwingine asemaye kweli bila kulipwa.

Tuanze na hesabu. Anayefanya mazoezi mara 3 kwa wiki na kuongeza kilo 2.5 kila siku ya zoezi, mwaka ukiisha atakuwa ameongeza kilo 390. Ray Williams wa Marekani alichuchumaa na kilo 490 shindanoni mwaka 2019, bila suti ya kubana, na dunia ya wanyanyua vyuma ikashika mdomo. Pasipo mkwamo, kila kijana wa mtaani angempita Williams kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Rekodi zingekosa maana, na kwenye zile jimu za uani, ambako uzito ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba, hakuna nyumba ambayo ingepata saruji ya kupiga lipu.

Wanaoulaumu husahau pia kwamba kilo za mwanzo zilipatikana kwa bei nafuu. Moritani na deVries walionyesha mwaka 1979 kwamba nguvu za wiki za kwanza hutokana zaidi na neva kujifunza kuiamrisha misuli. Kukua kwa misuli yenyewe huja nyuma, polepole. Mkwamo hubisha hodi pale mteremko unapokwisha, na hapo huanza ukaguzi. Mtazame anayeshindwa: mara nyingi hakwami chini kabisa, bali juu kidogo ya hapo, mapaja yanapoanza kupanda juu ya pale yanapokuwa sambamba na sakafu. Nyonga zinatangulia kupanda, kifua kinainama, chuma kinasogea mbele ya nyayo, na safari inaishia hapo. Kanuni za mashindano hutaka kunjo la nyonga lishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Wengi wanaojigamba kwa kilo 120 walizipata kwa kuchuchumaa nusu. Rafiki atakupigia makofi hata hivyo. Mkwamo hauhongeki.

Kuna watakaouliza: mbona huwapata hata wenye bidii, wanaokula na kulala vizuri? Huwapata kwa sababu mwili hujibu jambo jipya, na bidii ileile, kwa seti zilezile, si jambo jipya tena. Wengine watasema: kama ni mfadhili, kwa nini tunafundishwa kuushinda? Kwa sababu njia za kuushinda ndizo fadhila zake. Punguza uzito kwa asilimia 10 hivi, kisha panda tena taratibu. Ongeza kilo 1 badala ya 2.5. Tulia chini sekunde 2 kabla ya kuinuka. Badili idadi ya marudio, kula cha kutosha, pumzika. Kocha aliyasema yote haya mwezi wa kwanza, akaonekana mwoga. Mkwamo huyarudia kwa wiki 3 bila kutamka neno, na yule mbishi anajikuta kitandani saa 4 usiku. Hoja nzito zaidi ni kwamba huwakatisha watu tamaa hadi wakaacha. Ni kweli, nao hauombi radhi. Lakini anayeendelea kurundika uzito juu ya umbo lililoharibika naye huacha, tena akichechemea. Goti au mgongo ukiuma, huo si mkwamo, ni jeraha, na pa kulipeleka ni kwa daktari.

Basi ukiukuta, usiutukane wala usiuchokoze kwa pupa. Vua sahani mbili, shuka hadi kina cha haki, nenda kalale. Ukiushinda kwenye kilo 100 utaukuta tena kwenye 120, na kuukuta huko ndiyo maendeleo yenyewe.