Jinsi ya Kuegemeza Wufa Ukutani Bila Kuvunja Ndoa

Huku Kiirua, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, baridi huingia pamoja na giza, na milango hufungwa mapema. Waru zikishauzwa, mwanamume mwenye akili zake hupanda matatu hadi Meru mjini na kurudi jioni amepakata sanduku la wufa kama mtoto mchanga. Mwongozo huu ni wake yeye, anayedhani kwamba akishalipa, kazi imekwisha.

Hatua ya 1: Amini sanduku

Sanduku limeandikwa PMPO wati 10,000. Usibishe. Stima ya nyumbani ni volti 240, na fyuzi ya plagi haizidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Hizo karibu 7,000 zilizobaki ni neema ya Mungu. Mtu mwenye kijicho atakushauri utafute herufi RMS, ambazo huandikwa kwa maandishi madogo, kando ya namba ndogo zaidi. Hiyo ndiyo nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo bila kulia. Mshukuru, kisha uwasomee wageni ile namba kubwa.

Hatua ya 2: Pima chumba, kisha ujutie

Wengi wetu tulianzia maisha kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, na tukijenga, sebule inatoka mraba vilevile, kwa mazoea. Sasa sikiliza ubaya wake. Kila chumba kina noti yake, ile inayoenda na kurudi kati ya kuta mbili kama mtoto kwenye bembea. Kwa futi 10, bembea hiyo huenda mara 56 hivi kwa sekunde. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 55. Yaani kila mpiga besi wa rhumba anapougusa uzi huo, chumba kizima kinaitikia kwa sauti ya ng'ombe, na kwa kuwa kuta zote nne zinalingana, ng'ombe ni wawili.

Hatua ya 3: Ruhusu ukuta ufanye kazi

Sauti nyembamba huenda mbele, inakoelekezwa. Sauti nzito haina mbele wala nyuma. Inazagaa kotekote kama harufu ya nyama choma. Ukisogeza spika karibu na ukuta wa mawe, ile besi iliyokuwa ikipotelea nyuma hurudishwa mbele, na nyongeza yake inaweza kufika desibeli 6. Kuzipata desibeli hizo dukani kungekudai wati mara 4. Ukuta umekupa bure. Ukiisukuma hadi pembeni, ukuta wa pili nao unaleta mchango wake, na mtangazaji wa Muuga FM anaanza kusoma habari kama mtu aliyetumbukia pipani.

Kama nyumba yako ni ya mbao, usitarajie ukarimu huo wote. Mbao hupitisha besi. Wewe utabaki na mwimbaji, jirani atapata ngoma, na mabati yatajitolea kupiga kayamba.

Hatua ya 4: Mpuuze shemeji kutoka Nairobi

Shemeji atakuja Desemba na kusema spika nzuri huvutwa meta 1 kutoka ukutani. Kwanza, kwenye futi 10, meta 1 kutoka ukutani ni magotini pa mgeni. Pili, ukiivuta hivyo, sauti inayorudi kutoka ukutani inachelewa na kugongana na ile inayotoka, na noti za mitetemo 85 hivi kwa sekunde zinamezwa. Mhandisi Mmarekani Roy Allison aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1974, kisha akatengeneza spika za kukaa ukutani kabisa. Mwambie shemeji hivyo, umwongezee chai.

Hatua ya 5: Chunguza tundu

Kabla ya kuiegemeza ukutani, zungusha kisanduku cha spika. Kama hakina tundu popote, kimefungwa. Hicho kinaweza kukaribiana na ukuta bila ugomvi. Kama tundu liko mbele, pia unaweza kukisogeza. Kama liko nyuma, hapo ndipo kisanduku kinapopumulia, kwa hiyo usikibane pua: acha nafasi ya ngumi mbili. Besi ikizidi, chukua soksi ya sufu, ikunje, uisokomeze tunduni. Si mzaha. Hata makampuni ya spika huweka vipande vya sponji kwenye sanduku kwa kazi hiyohiyo. Soksi ina faida ya ziada kwetu: panya wa stoo ya waru hupenda sana nyumba yenye mlango mmoja wa duara.

Hatua ya 6: Jadiliana na kabati

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inafaa kuwa usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Mama watoto anajua hilo, ndiyo maana ataiweka wufa nzima juu ya kabati la TV, karibu na silingi, aifunike kitambaa cha kushona kilichokunjwa mara mbili. Gitaa la solo litasikika kama limevaa blanketi. Chini yake, vikombe vya wageni vitacheza kabatini. Usigombane. Nenda hatua ya 7.

Hatua ya 7: Tambaa

Hii ni mbinu halisi ya wajuzi. Weka wufa pale unapoketi, cheza rhumba, kisha tambaa ukifuata ukuta, sikio karibu na sakafu. Sauti hupita njia ileile ikienda au ikirudi, kwa hiyo pale unapozisikia noti za besi moja moja, bila yule ng'ombe, ndipo pa kuiweka.

Mimi nilitambaa Jumapili moja mchana. Nilikuwa na soksi moja mguuni. Ya pili ilikuwa kazini. Wufa ilikuwa imeketi kwenye kiti changu, na kitambaa chake kichwani. Nilikuwa nimefika karibu na mlango, shavu sakafuni, ulipofunguka akaingia mama mkwe na kibuyu cha maziwa. Alinitazama. Akaitazama wufa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Akaweka kibuyu chini, akapiga magoti kando yangu, akaanza kuniombea.

Aliomba kwa muda mrefu. Nilipoitika amina, nilikuwa nimeshagundua kwamba pale alipopiga magoti, besi ilikuwa safi kuliko kona yoyote ya nyumba.

Wufa iko hapo hadi leo. Mlango haufunguki wote, tunaingia kwa ubavu. Mama watoto alipotaka kuirudisha juu ya kabati, nilimuuliza kwa upole kama kweli ana nia ya kupavuruga mahali palipoombewa na mama yake.