Jiko Lililotafuta Ukuta

Miongoni mwa fahari ambazo mtu arudiye kutoka ughaibuni huzishusha mbele ya jamaa zake, sijaona iliyozusha maswali mengi kuliko jiko la kuchomea nyama ambalo shemeji yangu, mkaaji wa Ubelgiji kwa miaka mingi, alilileta kwetu Gatete, Rumonge, nchini Burundi, likiwa limefungwa kwa mbao, karatasi na taadhima. Lilikuwa la chuma king'aacho, lenye kifuniko kizito, magurudumu ambayo mchanga wetu uliyakataa tangu hatua ya kwanza, na mpira mrefu ulioning'inia nyuma, ambao ncha yake, kwa maelezo ya mwenyewe, ilipaswa kuchomekwa ukutani. Wazee wakageuka kuutazama ukuta wa nyumba. Hapakuwa na kitu ila mjusi.

Ili msomaji asimcheke shemeji kabla ya wakati wake, yafaa ajue kwamba katika miji mingi ya Ulaya gesi hupita katika mabomba chini ya barabara hadi majikoni, na mwenye kutaka kuchoma nyama uani humwita fundi mwenye idhini, akamtolea bomba nje ya ukuta na kumwekea koki ya kufungia. Jiko lile liliumbwa kwa maisha hayo. Ajabu yake ni kwamba lilipokuwa safarini lilipita bandari ya Dar es Salaam, mji ambao gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekuwa ikiufikia kwa bomba tangu 2004, na ambako baadhi ya nyumba za Mikocheni hupikia gesi hiyo hiyo. Lakini maadamu hati zake zilisema Burundi, likapakiwa lorini, likaipa mgongo riziki yake na kuja mahali ambapo bomba la gesi halijapata kuonekana. Upande wa kaskazini nako, Ziwa Kivu limehifadhi methani nyingi katika vilindi vyake, na tangu 2016 mtambo wa KivuWatt nchini Rwanda huigeuza umeme. Maji ya ziwa hilo hushuka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika yetu, lakini gesi yake hubaki huko huko, yaani tumeletewa mchuzi, nyama zimebaki chunguni.

Ikabidi utafutwe mtungi. Ukatoka Bujumbura, mwendo mrefu kwa njia ya kando ya ziwa, nao ukapokewa na fundi wa pikipiki wa mtaani, ambaye ustadi wake katika pikipiki hakuna aupingaye. Shemeji alikuwa na regeleta aliyoazima, lakini mdomo wa regeleta hiyo ulikuwa mwembamba na mpira wa jiko ulikuwa mpana. Fundi, pasipo tashwishi yoyote, akaziba tofauti hiyo kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, dawa ambayo katika nchi hii imekwisha kuponya pampu, majembe na viatu. Mimi nilisogeza kiti changu karibu na mlango wa ua, nikidai kwamba nafuata kivuli.

"Hata ikivuja," alisema shemeji kwa utulivu wa mtu aliyesoma, "gesi ni nyepesi, itapaa mbinguni." Maneno haya ni kweli kwa methani ya mabomba ya Ubelgiji, ila si kweli hata kidogo kwa gesi ya mtungi, ambayo ni propani na butani, tena ni nzito kuliko hewa, na ikitoka hutambaa chini, ikajaa mashimoni na vyumbani, ikangoja cheche. Ndiyo sababu mtungi husimamishwa wima, mahali peupe penye upepo, mbali na moto na mbali na shimo lolote. Basi wakati sisi tunaitazama mbingu, gesi ilikuwa ikiwaendea kimya kimya wazee walioketi mkekani.

Gesi yenyewe haina harufu. Watengenezaji ndio huitia dawa yenye kunuka vibaya, ili pua imwonye mwenyewe. Hadhari hiyo ni njema, lakini haikuwafikiria watu wa mwambao huu, ambako ndagala, yaani dagaa, huanikwa juani na pua zimekwisha kusamehe mengi. Harufu ilipozidi, wageni waliwashutumu ndagala kwanza, kisha wakaanza kutazamana wao kwa wao, na mzee mmoja akaombwa kwa adabu asogee pembeni. Hatimaye fundi akakiri kwamba huenda pana mvujo, akatoa kibiriti mfukoni ili autafute.

"Weka chini hicho kibiriti, mwanangu!" Aliyesema ni bibi jirani, muuza sabuni ya mawese, ambayo hapa Rumonge, nchi ya michikichi, si bidhaa ya kutafutwa mbali. "Tyubu ya baiskeli unaitia majini upate kuona tundu, hii umeionea haya?" Akakoroga povu zito katika kikombe, akalipaka penye kiungo kwa unyoya wa kuku, na papo hapo mapovu yakavimba. Koki ya mtungi ikafungwa, upepo wa ziwa ukaachwa upite, na kazi ikaahirishwa hadi ulipopatikana mpira halisi wa gesi, wenye kipimo kimoja na regeleta, ukakazwa kwa klipu mbili za chuma. Bibi akapaka tena, povu likatulia. Kwa maoni yangu hakuna hakimu mwadilifu kulishinda povu la sabuni, kwani haliangalii usafiri wako wala elimu yako.

Laiti mambo yangalikoma hapo. Shemeji, ambaye heshima yake ilikuwa imerejea yote kwa pamoja, alifungua gesi ilhali kifuniko kimeshuka, akageuka kuwaeleza wageni adabu za uchomaji wa Kizungu, kisha akawasha. Kifuniko hufunguliwa kwanza, gesi ikafuata baadaye. Anayepindua utaratibu huo huikusanya chini ya chuma na kuipa nafasi ya kusema. Ilisema. Kifuniko kiliruka, kofia ya shemeji ikakifuata, na nyusi zake hazikuonekana tena msimu ule. Ndimi za moto zilizosalia zikawa ndefu, za manjano na zenye masizi, kwa kuwa vitundu vya kutolea gesi katika jiko lile vilitobolewa vipana kwa ajili ya methani, ambayo huja kwa nguvu ndogo na joto lake ni haba, na gesi ya mtungi ilipovipitia ikamwagika kupita kiasi. Mikeke, samaki wa ziwa letu, ikatoka nyeusi nje na mbichi ndani. Mikeke mingine ikachomwa kwa makaa juu ya imbabura, jiko letu la kienyeji, ikaliwa kwa ndimu na pilipili, na aliyekula zaidi ni shemeji.

Basi nawasihi jamaa zetu mlioko Ulaya: kabla ya kupakia jiko, someni kibao chake kujua linataka gesi gani, na kama ni ya bomba, muulizeni muuzaji vitundu vyake vya gesi ya mtungi, pamoja na regeleta na mpira unaolingana nayo. Asipokuwa navyo, liacheni jiko huko huko. Sabuni msilete, tunayo.